Namba 88 iliniuzisha ovaloki: yaliyonikuta na kipimo cha OCT cha macho nikiwa na MS

Mi ni fundi cherehani, niko Morogoro, nina miaka 35. Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye ameambiwa ana MS (ugonjwa unaoshambulia neva za ubongo na uti wa mgongo) au anahisiwa kuwa nayo, akatumwa kupiga hiyo picha ya macho inayoitwa OCT, akarudi nyumbani na karatasi yenye kijani, njano, nyekundu na namba kibao, na hakuna aliyemkalisha chini kumweleza. Mi nilikuwa huyo mtu. Karibu mwaka mzima wa kazi nimepoteza, na ukiniuliza kilichonipotezea nitakwambia ile karatasi, maana miguu wakati huo ilikuwa inatembea vizuri tu.

Ilianza mwezi wa tatu 2021. Jicho la kulia likaanza kuuma kwa nyuma, yaani huko ndani kabisa, na nikilizungusha kuangalia pembeni ndo linauma zaidi. Kesho yake likawa na ukungu. Siku ya tatu nakata kitenge cha mteja, chekundu kile cha kuwaka, nikafumba jicho la kushoto kwa sababu uzi ulikuwa umeingia, naona kitenge kimekuwa rangi ya tofali. Nikafumbua, chekundu. Nikafumba, tofali. Nikajua nimeuziwa kitenge feki, nikampigia hadi yule muuzaji nikamsema, maskini ya Mungu, hadi leo sijamwomba radhi.

Duka la dawa nikapewa matone ya macho mekundu (na jicho langu halikuwa jekundu hata kidogo). Nikadondoshea wiki mbili. Baada ya mwezi na nusu ndo nikaenda kwenye kliniki moja ya macho, wakanipima presha ya jicho, wakamulika, nikaambiwa mshipa wa jicho, yaani ile neva inayotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo, umepauka, hii ni presha ya macho, yaani glakoma, tumia timolol kila siku na usiache. Picha ya OCT sikupigwa na mi wala nilikuwa sijui kama kuna kitu kinaitwa hivyo.

Sasa mtego uko hapa. Jicho likapata nafuu. Sio asilimia mia, wekundu haukurudi sawasawa, ila uzi nilikuwa naweza kutunga kwenye sindano. Nikasema dawa imefanya kazi. Kumbe shambulio la mshipa wa jicho kwa watu wengi linaanza kupoa lenyewe ndani ya wiki chache, utumie dawa usitumie. Mi nikaipa timolol sifa za bure, nikaendelea nayo miezi mitano, nikaacha hela ilipokata, jicho halikubadilika chochote, nikasahau.

Novemba 2022 miguu ikaanza ganzi. Kwanza nyayo, kama nimekanyaga sufi. Ikapanda hadi kiunoni, halafu nikawa nasikia mkanda unanibana kifuani, mkanda ambao haupo. Kilichonitisha kuliko vyote ni shoti. Nikiinamisha kichwa kwenye cherehani tu, umeme unashuka kuanzia shingoni hadi vidoleni. Nilimwita fundi umeme aangalie waya za mota, akaangalia akasema dada mashine yako nzima. Na kweli nilikuwa nainama hata kufua, shoti ileile.

Nyumbani sitaficha, tulizunguka. Shangazi alisema nimetupiwa kitu na mtu wa jirani na fremu yangu. Mama akanipeleka kwenye maombi, tukafunga siku saba, halafu tukaenda na kwa mtaalamu mmoja nje ya mji ambaye alikula laki tatu zetu na kuku wawili. Simlaumu mama. Ukimwona mwanao anashika ukuta kwenda chooni utaenda popote. Ila wiki sita zilipita pale.

Kaka yangu ndo akasema basi, twende Dar. Hospitali ya kwanza wakanipa rufaa kwa dokta wa mishipa ya fahamu. Akanigonga magoti kwa kile kinyundo, akanikwaruza nyayo, akaniuliza maswali mengi, likiwemo hili: "Dada, kuna jicho lolote limewahi kukusumbua?"

Nikasema hapana. Nina presha ya macho tu ila ilishapoa.

Sikudanganya kwa makusudi. Kichwani mwangu jicho na miguu ni vitu viwili havijuani, kama bomba la maji na bati. Kwa hiyo kama una ganzi au udhaifu wowote usioeleweka, mwambie dokta kila kitu kilichowahi kutokea machoni, hata kama kilipona, hata kama mtu alishakipa jina lingine. Yeye alinitazama kidogo akasema haya, ila kabla hujaondoka nenda kapige OCT.

MRI ya kichwa na mgongo nililipa laki tisa, bima ilikataa nusu. Nikatolewa maji ya mgongo, watu wanatisha sana kuhusu hicho kipimo, mi niliumwa kichwa siku tatu basi. Damu ilisafirishwa nje kupimwa kitu kinaitwa akwaporini 4, laki sita na nusu, nikalalamika sana kuhusu hiyo hela. Dokta akaniambia kuna ugonjwa ndugu wa MS, unaitwa NMO, unashambulia macho na uti wa mgongo vilevile, sisi watu weusi unatupata zaidi na unatupiga vibaya zaidi, na baadhi ya dawa za MS ukimpa mtu wa NMO unamwongezea moto. Kwa hiyo hiyo laki sita ni ya kujua tunaenda barabara ipi. Majibu yalirudi hasi. Sikulalamika tena.

OCT ndo ilikuwa rahisi kuliko zote, laki moja macho yote mawili. Unaweka kidevu, paji la uso linagusa chuma, unaangalia kitaa kidogo, usipepese, imekwisha. Hakuna sindano, hakuna mionzi, hakuna kitu kinachogusa jicho. Yule kijana wa mashine nilimuuliza inafanyaje, akanieleza kama nilivyotaka kuelezwa: ni kama atrasaundi ila badala ya sauti inatumia mwanga usioonekana, mwanga unaingia, unagonga kila tabaka, unarudi, mashine inahesabu umerudije na inakuchorea matabaka. Teknolojia yenyewe sio ya juzi, ilitangazwa 1991 na wataalamu wa kule MIT, Marekani.

Fundi cherehani ukimwambia matabaka anaelewa. Retina, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga, ni kama koti lenye kitambaa, kanvasi na bitana, ukilikata kwa wembe ukaliangalia kwa ubavu unaona kila kipande na unene wake. Vipande vinavyoangaliwa kwenye MS ni viwili. Kuna tabaka la nyuzi za neva, hizo ndo nyaya zenyewe zinazotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo, kwenye karatasi limeandikwa RNFL. Na kuna tabaka la ganglioni, ambalo ndo seli zinazozaa hizo nyaya, limeandikwa GCIPL au GCL inategemea mashine. Vinapimwa kwa maikroni, na maikroni 1000 ndo milimita moja, kwa hiyo tunaongelea kitu cha unene wa unywele.

Kwa nini wahangaike na jicho wakati ugonjwa uko kwenye ubongo na uti wa mgongo? Hili nililielewa baadaye sana. MS inakula ganda la mafuta linalofunika nyaya za neva, mayelini. Ganda likiliwa waya unabaki uchi, na baada ya muda waya wenyewe unakufa, na ulemavu wa kudumu unatokana na hizo zilizokufa. Sasa nyaya zilizo ndani ya retina Mungu hakuziwekea ganda. Kwa hiyo tabaka likipungua unene pale hubahatishi, ni nyaya zenyewe zimepungua. Hakuna sehemu nyingine ya mwili unaweza kuangalia nyaya za ubongo zikiwa uchi hivyo, kwa dakika tano, kwa laki moja.

Karatasi yangu: jicho la kulia RNFL 71, la kushoto 92. Dokta akaiweka mezani akasema, "Hili jicho liliwahi kuuma ukilizungusha, rangi zikapauka?" Nilinyamaza. Nilikumbuka kile kitenge. Akanionyesha kwamba glakoma inapenda kula juu na chini ya mshipa, ila yangu imeliwa upande wa kuelekea sikioni, presha ya jicho iko kawaida bila dawa yoyote, na macho mawili ya mtu mmoja hayatakiwi kupishana hivyo, hata tofauti ya maikroni 5 au 6 inatosha kumfanya aulize, mi yangu ilikuwa 21. Kwa hiyo 2021 lilikuwa shambulio la kwanza, na la miguu ni la pili. Ikawa MS.

(Tafadhali sana, ukisoma hapa usiache matone yako ya glakoma kwa sababu ya hadithi yangu. Glakoma ya kweli iko kwetu huku, ni nyingi, na inapofusha kimyakimya. Omba upigwe picha, basi.)

Wakati ule neva ya jicho ilikuwa haihesabiwi rasmi kati ya sehemu za kuthibitishia MS. Vigezo vipya vilivyochapishwa 2025 vimeiingiza kama sehemu ya tano, na OCT inakubalika kama ushahidi. Kwa hiyo wewe unayeanza leo una bahati kuliko mimi, ila bahati inataka uwe na picha.

Basi. Nikarudi Moro na karatasi yangu. Na hapa ndo nilipofanya ujinga.

Usiku, simu, kitandani. Mtoto wa dada yangu anajua Kiingereza, nikamwambia tafuta hii RNFL ina maana gani kwenye MS. Akatafuta, akakutana na utafiti wa 2016 wa kwenye jarida la Lancet Neurology, wagonjwa zaidi ya 800 wa nchi mbalimbali, akanitafsiria: wenye unene wa maikroni 88 kushuka, au 87 kwenye mashine nyingine, hatari ya ulemavu wao kuongezeka ilikuwa mara mbili baada ya mwaka wa kwanza hadi wa tatu, na baada ya hapo hadi mwaka wa tano ikakaribia mara nne.

Mi nina 71.

Nilimwambia azime simu. Nikalala macho wazi nikihesabu: 2023, 24, 25. Kwamba 2025 niko kwenye kiti cha magurudumu. Asubuhi sikumwambia mtu. Wiki hiyo nikauza ovaloki yangu laki mbili na themanini, mashine ambayo niliichangia vikoba miezi kumi na nne. Nikamwachia binti niliyekuwa namfundisha aende kwa fundi mwingine. Sare za shule za mwezi wa kwanza, oda ambayo ndo inalipa kodi ya fremu, nikaikataa. Fremu yenyewe nikaiachia mwezi wa nne. Niliona heri nijiondoe mwenyewe taratibu kuliko kuja kuaibika mbele ya wateja. Mama alidhani ni dawa zinanichosha. Nilikuwa nashona vitu vya kuweka pindo nyumbani, basi.

Miezi saba hiyo. Nikirudi Dar kliniki naulizwa unaendeleaje, nasema vizuri dokta, nachukua karatasi yangu naondoka. Siku moja ndo akaniuliza siku hizi unashona nini, machozi yakatoka yenyewe, nikamwambia yote, 88, ovaloki, kiti cha magurudumu.

Alikaa kimya, akasema kosa la kwanza ni lake, angenieleza siku ileile. Nilimheshimu kwa hilo. Halafu akasema, "Dada, umesoma namba ya jicho ambalo sio lenyewe."

Kumbe kwenye ule utafiti macho yaliyowahi kupata shambulio la neva waliyatoa. Walihesabu macho ambayo hayajawahi kuugua hivyo, kwa sababu jicho lililoshambuliwa linapoteza nyaya nyingi kwa mara moja, na hiyo inakwambia kilichotokea siku ile, haikwambii ubongo wako kwa ujumla unapungua kwa kasi gani. Jicho la kuniambia habari ya mbele ni lile la kushoto, ambalo halijawahi kuuma. Nalo ni 92. Nilikuwa nimeuza ovaloki kwa namba ya jicho la kulia.

Nikamuuliza sasa kama la kushoto lingekuwa 85 je? Akasema angekuwa mkali zaidi kwenye dawa, angenipiga MRI mapema zaidi, basi, asingeniambia niuze chochote. Mara mbili ya hatari ni hesabu ya kundi. Na kilichokuwa kinapimwa ni kupanda kwenye ngazi za ulemavu, ngazi ambazo zinaanza 0 mpaka 10 na zinapanda nusu nusu, mtu anaweza kupanda na bado anatembea anaenda sokoni mwenyewe. Akaniuliza, "Nikikwambia wanawake wengi wa Moro wanavaa namba 14, utamkatia mteja nguo bila kumpima?" Nikacheka na makamasi yangu.

Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza. Na nilichokuja kushika ni kwamba picha moja inasema ulipotoka, inayosema unapoelekea ni ya pili ikiwekwa juu ya ya kwanza, na ya tatu juu ya hizo. Dokta wangu anaangalia hasa ganglioni kwenye jicho ambalo halijawahi kushambuliwa, kama inapungua kwa maikroni 1 au zaidi kwa mwaka anaanza kuwa na wasiwasi, kidogo chini ya hapo anaweza kuisamehe, maana umri nao unapunguza. Maikroni moja! Ndo maana jinsi unavyopiga picha ni muhimu kuliko unavyofikiri, na hapo napo niliangukia pua.

Mwanzoni mwa 2024 nikaona nauli ya Dar ya nini, kuna sehemu nyingine wana OCT na ni bei poa, elfu sabini. Nikapiga. Jicho la kushoto: 84. Kutoka 92 hadi 84, maikroni nane! Nilimpigia dokta simu nimekaa chini kwenye ngazi za lile jengo, nikamwambia dawa haifanyi kazi nibadilishie. Akasema usibadilishe kitu, nitumie picha ya karatasi. Nikatuma. Akauliza mambo mawili. Mashine ya kampuni gani? Ya kwanza ilikuwa ya Heidelberg, hii ya Zeiss. Hizo mbili kila moja ina namna yake ya kuamua tabaka linaanzia wapi na kuishia wapi, kwa hiyo namba zake huwezi kuzitoa moja kwa nyingine, ni kama kupima kiuno kwa futi kamba ya mtu aliyoikata mwanzo. La pili, signali, yaani ubora wa picha, ilikuwa ngapi? Kwenye kona ya karatasi kulikuwa na 5 juu ya 10, na kwenye mashine ile inatakiwa walau 6, ikiwa 7 na zaidi ndo unapumua. Macho yangu yalikuwa makavu, nilitoka kushona usiku kucha, feni inanipuliza, nikapepesa hovyo, na yule mhudumu alikuwa na foleni akapiga mara moja akaniambia nenda.

Nikarudi kwenye mashine ya kwanza wiki mbili baadaye: 91. Tofauti ya moja kati ya kipimo na kipimo sio kitu. Hela niliyodhani nimeokoa nikailipa mara mbili.

Kwa hiyo siku hizi nikienda nina utaratibu wangu, na wahudumu wameshanizoea wananiita mama maswali. Nadondoshea machozi ya bandia robo saa kabla. Napepesa vizuri halafu natulia. Kabla sijainuka naomba aniambie signali, ikiwa mbovu namwomba kwa upole arudie, huwa hawakatai, ni sekunde tu. Nahakikisha amepiga sehemu mbili, ya kuzunguka mshipa na ya makula (ile sehemu ya katikati ya retina), kwa sababu ganglioni inatoka kwenye ile ya makula na kuna siku walipiga moja wakadhani nimekuja kwa glakoma. Nachukua kwenye flashi mbali na karatasi, maana karatasi yangu ya 2023 ilinyeshewa ndani ya mfuko wa vitenge ikawa upinde wa mvua. Na kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, naandika tarehe, mashine, signali, kulia, kushoto. Mistari mitano tu hadi sasa ila dokta anaupenda kuliko faili lao.

Zile rangi msiziogope sana. Mashine inakulinganisha na watu iliowekewa kama wazima, na humo watu wa huku kwetu ni wachache, pia mwenye miwani ya kuonea mbali yenye namba kubwa anaweza kupata nyekundu na hana ugonjwa wowote. Angalia namba, linganisha na yako ya mwaka jana.

Kuna dada nilikaa naye foleni, jicho lilikuwa limemuuma wiki ileile, anafurahi karatasi imeandika 140, anasema yangu nene kuliko yako. Nilimwangalia nikashindwa hata pa kuanzia. Shambulio likiwa bichi mshipa unavimba, namba inapanda, ile sio afya ni uvimbe. Inatakiwa usubiri miezi mitatu hadi sita uvimbe ushuke ndo RNFL iseme kweli. Ganglioni haivimbi hivyo, inaanza kusema mapema zaidi. Na yeye alikuwa amepewa vidonge vya prednisoloni, ambayo ni steroidi, tu akanywe nyumbani. Nilimwambia rudi kamuulize dokta wako kuhusu dripu, maana ule utafiti mkubwa wa Marekani wa mwanzo wa miaka ya 90 ulionyesha vidonge peke yake kwa dozi ile ya kawaida viliongeza jicho kushambuliwa tena, wakati dripu ya steroidi ya siku tatu iliharakisha kupona. Alirudi ndani. Sijui iliishaje, sikuchukua namba yake.

Dawa natumia rituksimabu, dripu kila miezi sita. Kabla ya kuanza walipima homa ya ini B na kifua kikuu, na ukiona mtu anataka kukupa bila kupima homa ya ini uliza. Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS 2023, mi niliprinti ile karatasi nikaenda nayo bima, ikasaidia kiasi, sasa nachangia sehemu. Miaka ya kulipa mwenyewe kaka yangu aliuza pikipiki. Hilo deni halina maikroni.

Na lazima niseme ambalo OCT haikuona. Oktoba 2024 mguu wa kushoto ulilegea siku kumi, mkojo ukawa unanikimbiza. Picha ya macho ya mwezi uliotangulia ilikuwa shwari kabisa, signali nzuri, namba hazijasogea. Nilikasirika na ile mashine kama vile ni mtu. Lakini jicho linaona waya za jicho, shambulio lilikuwa kwenye uti wa mgongo, MRI ndo ililiona. Kwa hiyo usikae na ganzi mpya nyumbani kwa sababu karatasi ya macho ina kijani.

Joto pia, hakuna aliyeniambia. Nikipiga pasi ya mkaa mchana, au nikitembea juani kutoka Msamvu, jicho la kulia linafifia kama taa ya umeme mdogo, nikipoa linarudi. Mwanzo kila mara nilidhani ni shambulio jipya, nikakimbilia hospitali mara mbili. Ni nyaya zilizochubuka zinashindwa kazi mwili ukipata moto. Sasa napiga pasi alfajiri, kuna feni, kuna kitambaa cha maji shingoni.

Fremu nimepata nyingine, ndogo, karibu na stendi. Ovaloki nimenunua tena, laki nne na nusu, iliyotumika, na inapiga kelele kuliko ile yangu. Binti hakurudi, ameshakuwa fundi kamili ana wateja wake, tunasalimiana. Dar siku hizi naenda kwa SGR, elfu kumi na tatu, chini ya saa mbili, zamani nilikuwa nalala kwa watu. Kama umewekewa dawa ya kupanua mboni usijifanye jasiri ukashuka peke yako kutafuta boda, mi nilishapanda ya kwenda Mbagala wakati naenda stesheni. OCT yenyewe mara nyingi haihitaji hiyo dawa, uliza kwanza.

Picha ya mwisho RNFL ya kushoto ni 91 bado. Ganglioni ya kushoto ilikuwa 79, imekuwa 77 na nusu. Dokta ameichora mduara kwa kalamu, akasema signali nzuri, mashine ileile, hatuibishii wala hatuishtukii, turudie baada ya miezi sita badala ya mwaka. Nimeandika kwenye daftari. Picha ya sita ni tarehe 19 mwezi wa nane, na kuna mama wa harusi anataka sare za kamati kumi na nane siku hiyohiyo. Nimemwambia zitachelewa siku mbili, amenuna, ila ameacha advansi.